Dirisha Lililochuja Jua la Same

Nilipiga kelele hadi mlinzi akaja mbio akidhani nimemwagikiwa na tindikali. Wala sikuwa nimemwagikiwa na kitu. Nilikuwa nimesimama katika chumba cha giza cha maabara, mbele ya taa ya zambarau, nimetundika shati jeupe la mwalimu wangu kwenye msumari, na mkononi nimeshika kipande cha plastiki chembamba, angavu kama maji ya kunywa.

Taa ile ilikuwa ya miale ambayo jicho haliioni, ileile iliyomo kwenye jua, inayobabua ngozi na kupausha nguo. Shati jeupe lililofuliwa kwa sabuni ya unga ukiliweka mbele yake linawaka rangi ya samawati mpaka unatamani kulivaa. Nikapitisha plastiki yangu kati ya taa na shati. Shati likazima. Nikaitoa, likawaka. Nikairudisha, likazima. Halafu nikafungua mlango, mwanga wa mchana ukaingia, nikaliangalia shati kupitia plastiki hiyohiyo: naona vifungo, naona mfuko, naona hata doa la mchuzi ambalo mwalimu alidhani hatulijui. Hapo ndipo nilipopiga kelele.

"Dada, kuna nini?" mlinzi akauliza, rungu mkononi.

"Shikamoo mzee! Limezima!"

"Umeme umekatika?"

"Sio umeme, jua! Nimezima jua, na bado naona!"

"Marahaba," akasema taratibu, akanitazama toka juu hadi chini, akaenda zake. Nilimsikia huko nje akimwambia mtu kwamba watoto wa siku hizi wanasoma mpaka akili zinawahama.

Wakati ule nilikuwa msaidizi katika maabara ya plastiki ya chuo kimoja Dar es Salaam. Naosha vyombo, napima unga, nakoroga. Mwalimu wetu alikuwa amerudi kutoka masomoni nje na wazo lake moja ambalo alilisema asubuhi, mchana na jioni. Unga wa zinki mnaujua, hata kama hamjui kwamba mnaujua: ndio weupe wa ile dawa nzito wanayopakwa watoto waliobabuka makalio. Unga ule unazuia miale mikali ya jua, ila ukijipaka unakuwa mweupe kama umeanguka kwenye debe la sembe. Sasa, ukiupata unga huo ukiwa laini kupita kiasi, punje zake hata hadubini yetu ya chuoni isizione, weupe unapotea lakini kazi yake haipotei. Zichanganye punje hizo ndani ya plastiki angavu, unapata karatasi unayoona ng'ambo yake vizuri, mwanga unapita, na ile miale ya kubabua inanaswa humohumo.

Wazo rahisi kulisema. Kulifanya, weee! Punje zile zinapenda kushikana kama uji uliopikwa na mtu mvivu. Tuliyeyusha plastiki, tukatia unga, tukaitetemesha kwenye mashine, tukaimwaga juu ya kioo ikauke, na tulipoibandua kama utando wa maziwa ilikuwa nyeupe kama tui la nazi. Tukarudia, tui. Tukarudia, tui tena. Mwalimu akazipaka punje dawa ya kuzitenganisha, na mimi nikazikoroga kidogo kidogo badala ya kuzimwaga zote kwa pupa. Ndipo siku ile, kwenye kioo, nikakuta kama hakuna kitu. Nilidhani plastiki imeibiwa. Nikapitisha ukucha pembeni, nikainua, ikaja nzima nzima, angavu, inachekacheka mkononi.

Lakini nisiwadanganye kwamba nilipiga kelele kwa ajili ya elimu. Nilipiga kelele kwa ajili ya mdogo wangu.

Mdogo wangu alizaliwa na ualbino, huko juu milimani Upare, miaka ya foleni. Siku hizo watu walitumia neno lingine, neno baya, na walilitumia kana kwamba ndilo jina lake. Mama alimbeba mgongoni kwenye foleni ya sukari, foleni ya sabuni, foleni ya kanga, amemfunika gubigubi. Hakukuwa na mafuta ya kujikinga na jua wala kofia dukani. Duka lenyewe lilikuwa na rafu na mwenye duka, basi. Hata hivyo milimani kulikuwa na afadhali: ukungu, migomba, baridi, jua linalotoka kwa kujivuta.

Baba alipofariki tulishuka Same mjini, mama akawa anauza maharage na mboga za milimani. Hapo ndipo tulipojua jua ni nini. Jua la Same halikuangazi, linakuandama. Linatoka juu, linarudi kutoka kwenye ule udongo mwekundu, linakupiga usoni na chini ya kidevu. Mimi nilipauka magoti tu. Mdogo wangu alitoka malengelenge.

Kisha biashara ikawa ruksa, na nchi nzima ikajaa mitumba. Marobota yalifunguliwa barabarani, kila mtu akawa na koti la Mzungu mnene. Jamani, tulicheka! Unamwona mzee wa heshima ndani ya suruali ambayo angeingia na mke wake. Mdogo wangu ndiye aliyeona kwamba watu wote hawa watahitaji kupunguziwa nguo. Mama akamtafutia cherehani, akawekwa kwenye baraza la duka moja karibu na soko, na ndani ya muda mfupi fundi wa kupunguza mitumba Same alikuwa yeye. Macho yake yalikuwa dhaifu, kama ya wengi wenye ualbino, hivyo alishona pua ikiwa karibu na sindano hadi nilikuwa naogopa atajishona. Alihitaji mwanga mwingi, wa mchana, unaomwagika juu ya kitambaa. Kwenye kivuli haoni uzi. Kwenye kibatari ndiyo kabisa.

Na alikuwa na mdomo huyo! Mteja akimwambia, "Fundi, naona suruali umeibana mno," yeye anajibu, "Suruali iko sawa, ni pilau ya jana." Watu walipita barazani pale hata bila nguo ya kushona, wapate tu kuchokozwa. Mtu aliyefichwa chini ya kanga utoto wake wote alikuwa amekaa katikati ya mji, anaonekana, anaitwa fundi. Mimi nikiwa likizo nilikaa pembeni yake kwenye stuli, roho yangu nyeupe kwa furaha.

Kidonda kilimtokea shingoni, nyuma, pale kola isipofika. Kilikataa kupona. Daktari wa hospitali alikikata, akampeleka kwa daktari mwingine, na huyo akasema bila kuzunguka: saratani imeanza, tumeiwahi, lakini akiendelea kukaa barazani itarudi. Sio jua la juu tu, hata lile linalorudi kutoka ardhini. Akae ndani.

Ndani kulikuwa na giza. Nyumba ya mama ilikuwa na madirisha ya mbao madogo madogo, na umeme ulikuwa wa majirani. Kioo? Nilimuuliza mwalimu, akanionyesha vitambaa kwenye dirisha la duka moja Kariakoo vilivyopauka nyuma ya kioo safi. Kioo cha kawaida kinazuia baadhi tu ya miale, sehemu nyingine inapenya. Kwa shingo iliyokwisha kukatwa mara moja, alisema, asingethubutu.

Mama akaamua kumrudisha milimani akachambue maharage jikoni kwa shangazi yetu. Mdogo wangu hakulia. Alisema, "Nipeleke mama, sawa. Ila cherehani kigawe kabisa, nisikikute siku nikishuka." Mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni ndiye niliyelia, kwa hasira, maana niliona ni kama wanamzika akiwa anatabasamu. Nikawaambia wanisubiri. Nikarudi Dar, na kila nilipokoroga ule unga nilikuwa najisemea, zima, zima, zima shetani wewe.

Kwa hiyo siku shati lilipozima, nilimfuata mwalimu ofisini kwake bila kubisha hodi. Alikuwa anakula chungwa. Nilimweleza yote kwa pumzi moja, hata yale aliyokwisha kuyajua: shati, mdogo wangu, dirisha, Same. Alilitafuna chungwa lake, akasema plastiki nzuri kwenye taa ya maabara si lazima iwe nzuri kwenye jua la kweli; kuna joto, kuna vumbi, kuna upepo, na bado hajaijaribu nje.

"Basi ijaribu nje," nikasema. "Unataka jua gani kuliko la Same?"

Akacheka mpaka mbegu ikampalia. Tulitengeneza vipande, kila kimoja ukubwa wa gazeti lililofunguliwa, maana kioo chetu cha kumwagia hakikuwa kikubwa zaidi. Nilivizungushia shuka, nikavipakata kwenye basi kama mtoto mchanga. Konda alitaka kuviweka kwenye buti. Nilimwangalia kwa jicho ambalo nadhani analikumbuka.

Nyumbani shangazi alikuwa ameshateremka kutoka milimani na watu wake. Kwetu kuna kitu kinaitwa msaragambo. Baragumu linalia, kila nyumba inatoa mtu, mnachimba mfereji au mnajenga, hakuna anayelipwa, mwisho mnakula makande pamoja. Shangazi, dada yake baba, alikuwa ndiye kamanda wa wanawake: mrefu, sauti nene, akikuagiza maji unajikuta umeshayaleta. Kusikia mtoto wa kaka yake anahitaji chumba cha kazi, alikusanya nusu ya kitongoji. Chumba kiliinuliwa mbele ya nyumba ya mama, matofali ya udongo, bati juu, na upande wa barabarani dirisha pana karibu ukuta mzima. Fundi seremala akabana vipande vyangu ndani ya fremu za mbao, kimoja baada ya kingine. Jua likaingia ndani, likatandaza miraba sakafuni. Mdogo wangu akanyoosha mkono kwenye mraba mmoja, akaurudisha haraka.

"Dada, una uhakika?"

"Nina uhakika," nikasema. Nilikuwa nao, kwa taa. Kwa jua la Same nilikuwa naomba Mungu.

Ikabidi nirudi kazini siku ileile, msaragambo haujaisha, watu wanakandika kuta. Niliondoka nikiwapungia mkono, nimejaa vumbi na furaha, nikaimba njia nzima hadi Mombo, abiria wakinivumilia.

Niliporudi baada ya wiki kadhaa, nilianza kuona nikiwa mbali, barabarani. Dirisha lilikuwa jeupe. Jeupe pe, kama ukuta wa kanisa. Nilikimbia. Nikagusa: jasi! Ile jasi wanayochimba Makanya, iliyochomwa na kukorogwa, imepakwa juu ya plastiki yangu kwa ufagio, kuta na dirisha vyote kwa pamoja, kazi safi, bila kuacha hata tundu la kupenyeza macho.

"Nani kafanya hivi?" nikauliza, na sikuuliza kwa upole.

Mama akanivuta ndani. Kumbe siku ile nilipoondoka, shangazi na wanawake wenzake walikandika kuta, wakafika dirishani, wakatazamana. Jua linapita lote! Huyu mtoto wa Dar kasahau kumalizia. Kitu unachoona ng'ambo kitazuiaje jua? Na mtoto wetu ataungua humu ndani kama tumemfungia kwenye tanuri. Wakapeleka mtu Makanya kuchukua gunia la jasi, wakapaka, wakapiga vigelegele, wakala, wakaenda zao wameridhika kabisa. Walimwonea huruma. Hilo ndilo lililonikata maini, kwamba huwezi hata kuwakasirikia sawasawa.

Na mdogo wangu? Alikuwa amekaa mlangoni, nusu ndani nusu nje, kanga kichwani, akifuatilia mwanga kwa cherehani chake kama kuku anayefuata mtama. Shingo ilikuwa nyekundu tena. Mteja mmoja alikuwa amerudisha koti lililoshonwa mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, akasema mbele za watu kwamba fundi kazeeka. Hakumjibu. Yeye, na mdomo ule, hakujibu! Hapo nilijua mambo yamekwisha kuharibika.

Nikachukua ndoo na tambara. Mama akanishika mkono.

"Unakwenda wapi?"

"Kufuta."

"Hiyo ni kazi ya msaragambo. Watu wameacha mashamba yao, wamemjengea mwenzio, halafu wewe uifute peke yako, wakisikia je? Kesho tukifiwa nani atakuja?"

"Mama, anaungua mlangoni!"

"Na ukifuta akaungua dirishani? Wewe umeiona plastiki yako kwenye taa. Sisi tumeona nini?"

Nilikuwa na majina marefu ya kemikali kichwani, na hakuna hata moja ambalo mama angeweza kulishika mkononi. Nikaanza hadithi ya shati lililozima. Mama akasema shati la mwalimu hajaliona. Nikasema basi tuweke tambara juani, nusu limefunikwa kwa plastiki, nusu wazi, tuone. Vipande vya akiba nilikuwa navyo.

"Tambara gani?"

"Lolote. La kudekia."

"La kudekia likipauka nani atalia?" Akaingia chumbani. Akarudi na kanga yake.

Watani wetu wanapenda kusema Mpare akikupa kitu, angalia kama hakina kamba ya kukivuta tena. Wangekuwepo siku ile wangenyamaza. Ile ilikuwa kanga nyekundu, nyekundu ya damu, aliyoipata miaka ya foleni baada ya kushinda na kukesha nje ya duka, na alikuwa akiivaa harusini na Krismasi tu, halafu inarudi sandukuni na majani ya kufukuza nondo. Mimi mwenyewe sikuwahi kuruhusiwa hata kuikunja. Akanikabidhi.

"Mama, hii itaharibika."

"Ndiyo. Shangazi yenu anaijua kanga hii, aliniomba nimwazime siku ya harusi ya binti yake nikamnyima. Akiiona ataamini. Na mimi nitaamini. Ikishuka imepauka yote, tunapanda naye milimani, na sitaki kusikia neno la plastiki tena maisha yangu."

Mdogo wangu akasema kutoka mlangoni, "Yaani maisha yangu yamebanwa kwenye kanga ya mama. Afadhali ingekuwa mpya." Tulicheka wote watatu, na ndicho kicheko cha kwanza nilichomsikia siku ile.

Tukaitandaza juu ya bati la banda la kuku, tukaibana kwa mbao, nusu moja tumeifunika kwa plastiki, nusu nyingine wazi mbele ya Mungu na jua. Mdogo wangu akakubali kutoshona mlangoni mpaka kanga ishuke. Akakaa ndani, kwenye kile chumba cheupe chenye giza, akishona vifungo kwa kupapasa.

Nilirudi Dar nikawa mtu wa kuudhi. Kila mawingu yakitanda nalaumu, jua likiwaka naogopa. Mwalimu alinieleza yale yote yanayoweza kwenda kombo: plastiki kuwa ya manjano, kupasuka kwa joto, punje kuchoka. Nilimwomba anyamaze, naye mtu mzima na elimu yake akanyamaza. Usingizini niliona kanga imekuwa nyeupe yote, mama anaikunja bila kusema kitu.

Kiangazi kilipokolea na mavuno yakawa yameingia, mama akapika makande, akatuma ujumbe milimani: waliojenga waje wale, kuna jambo. Nilifika asubuhi hiyohiyo. Walikuwa wameshajaa uani, wanawake kwenye mikeka, wanaume kwenye magogo, shangazi katikati.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Nasikia hukupenda rangi yetu."

Uwii! Nilitamani ardhi inimeze. Lakini alikuwa anacheka, mkono wake mzito ukanitua begani.

Mama hakuruhusu mtu mwingine apande. Alipanda mwenyewe juu ya kinu kilichopinduliwa, akang'oa mbao, akaishusha kanga na plastiki yake ikiwa imejaa vumbi jekundu, huwezi kuona chochote chini yake. Akaitandika kwenye mkeka. Ile nusu iliyokuwa wazi watu waliiona mara moja, na minong'ono ikaanza: ilikuwa imekufa. Nyekundu imekuwa rangi ya chai ya maziwa, na kitambaa kimelegea. Shangazi akaishika kwenye ncha, akasema kwa huzuni ya kweli, "Wifi yangu, kanga yako ile!"

Mama alishika plastiki pembeni. Mimi nilikuwa nimeushika mkono wa mdogo wangu kwa nguvu hivi kwamba alinifinya nimwachie. Mama akaibandua.

Nyekundu! Mungu wangu, ilikuwa nyekundu! Imepungua kidogo, sitadanganya, ukiweka kando ya ile ya siku ya kwanza ungeona tofauti. Lakini palipoishia plastiki palikuwa na mstari kama uliochorwa kwa rula, upande huu chai ya maziwa, upande huu damu. Kigelegele cha kwanza kilitoka kwa mama yangu mwenyewe, mama asiyepiga vigelegele hata harusini, na cha pili sikujua kimetoka kwa nani kwa sababu ua wote ulikuwa unalia. Nilirukaruka mle kama ndama. Nilimkumbatia fundi seremala, mume wa watu.

Shangazi peke yake alikuwa bado amepiga magoti. Aliichukua ile plastiki, akaifuta vumbi kwa upindo wa kanga aliyojifunga, akaiweka mbele ya uso wake, akatutazama sote kupitia humo mmoja mmoja. Tulikuwa tunamwona, na yeye anatuona.

"Lakini naona," akasema. "Nawaona wote."

"Ndiyo shangazi."

"Na jua halikupita."

"Mwanga umepita. Kile kinachobabua ndicho kilichobaki humo."

Akafikiri. Kisha akasimama, akajifunga kibwebwe, na ile sauti yake ikatoka. "Maji! Leteni maji na matambara laini, na mtu asitumie mchanga! Tulipaka wote, tunafuta wote!" Na wakafuta. Jasi ililainika, ikatiririka ukutani kama maziwa, watoto wakacheza humo, wanawake wakaimba wimbo wa msaragambo kuanzia mwanzo kana kwamba chumba kinajengwa upya. Plastiki ilikuwa imekwaruzika hapa na pale, lakini mwanga uliingia, ukafika mpaka ukuta wa nyuma.

Mama hakuamini kanga peke yake, namshukuru kwa hilo. Miezi iliyofuata alimkagua binti yake shingo kila jioni kama anayechagua mchele, na kila alipokwenda kliniki alikwenda naye. Daktari alimpapasa, akaangalia, akamwambia aendelee na kofia yake akitoka nje, ila pale anapokaa akae. Habari hizi nilizipata kwa simu ya posta, mama akipiga kelele ndani ya ile simu kama vile nipo ng'ambo ya bonde. Sikuridhika. Nilitaka kuona kwa macho yangu.

Nikapanda basi. Nilifika Same saa sita mchana, saa ile ambayo hata mbuzi wanatafuta ukuta. Nje ya dirisha kulikuwa na watu na makoti yao wanasubiri, wengine wanacheka kwa jambo walilokwisha kuambiwa. Sikuingia mlangoni. Nilisimama palepale nje ya dirisha na begi langu, nikatazama ndani. Alikuwa katikati ya ule mwanga, shingo imeinama, kovu limefifia, ngozi imetulia kama ya mtoto, na uzi unaingia kwenye sindano bila kuhangaika. Nikasimama. Machozi yakaanza kunitoka mbele ya wateja wa watu, nami nikaendelea kusimama.

Hakuinua hata kichwa.

"Wewe uliyesimama hapo," akasema, "sogea bwana, unanizibia jua."